Spika Yenye Mafua

Leonidasi hakuwa na umeme. Hakuwa na nyuzi sita za gitaa. Alikuwa na nne, na mbili kati ya hizo alizichomoa katika waya wa breki ya baiskeli. Hakuwa na nywele ndefu, kwa sababu mama yake alikuwa na mkasi. Hakuwa na raizoni, vile viatu vya kisigino kirefu, wala suruali pana ya bugaluu, na hata angekuwa nazo, asingefika nazo sokoni Kibondo kabla ya kijana wa chama kumsimamisha na kumwuliza suruali hiyo imeshonwa kwa ajili ya watu wangapi. Hakuwa na jukwaa. Hakuwa na Kiingereza cha kutosha kujua nyimbo alizozipenda zilikuwa zinasema nini. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na mtu hata mmoja, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, aliyewahi kumwomba apige roki.

Alichokuwa nacho kilikuwa ufundi wa redio, umri wa miaka ishirini na sita, na ukaidi uliomshinda hata huyo mwenye mkasi.

Roki ilimwingia kwa njia ya kazi. Mzungu mmoja mchimba visima, alipokuwa anajiandaa kurudi kwao, alimletea gramafoni iliyokatika sindano. Alipoambiwa kwamba sindano ya namna ile haipatikani Kibondo wala Kigoma wala Tabora, akacheka, akamwachia kila kitu: gramafoni, santuri mbili na gazeti moja la picha. Leonidasi akachonga sindano ya cherehani, akaifunga mahali pake, akaweka santuri. Kilichotoka humo kilimfanya akae chini juu ya sanduku la misumari. Magitaa yalikuwa yananguruma. Hayakulia kama magitaa ya dansi anayoyasikia redioni, yale ya kubembeleza. Yalinguruma kama mnyama aliyekanyagwa mkia, na mnyama mwenyewe anaimba.

Gazeti lilikuwa na picha za tamasha la muziki huko Ulaya. Vijana maelfu kwa maelfu wamekaa uwanjani penye matope, na mbele yao jukwaa lenye spika zilizopangwa kama magunia ya mahindi ghalani. Wapigaji walikuwa wamewapa watu mgongo, nywele zimewafunika nyuso. Leonidasi alizibandika picha hizo ukutani katika kibanda chake cha ufundi, ambacho kiliegemea duka la Mzee Khatibu.

Mzee Khatibu alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Siku alipoziona picha hizo alivaa miwani, akazisogelea.

"Hawa wamekaa hapa muda gani?"

"Siku tatu, mzee."

"Katika matope haya?"

"Katika matope hayo hayo."

"Masikini. Na kwao wanako?"

"Wanako, mzee. Wamekwenda kusikiliza muziki."

"Nimefahamu. Na hawa waliowageuzia mgongo ndio wanaosikilizwa?" Mzee Khatibu alivua miwani. "Sisi kwetu mtu akikupa mgongo, ujue amekudai akachoka."

Lakini utani haukumzuia Mzee Khatibu kusaidia. Mpwa wake wa Ujiji alikuwa amevunja bendi yake ya harusi, na vyombo vyote vikaletwa dukani Kibondo vihifadhiwe: gitaa la solo, gitaa la besi, ngoma za kizungu, na amplifaya inayotumia betri ya gari, pamoja na spika yake moja kubwa ndani ya kasha la mbao. Vilikaa nyuma ya marobota ya khanga mwaka mzima. Mwisho Mzee Khatibu akamwambia Leonidasi, "Fundi, vyombo visivyopigwa vinaliwa na panya. Chukua upige. Ila vikiharibika, nitakugeuzia uso, si mgongo."

Hivyo ndivyo bendi ilivyozaliwa. Leonidasi akashika solo. Kipriani, karani wa kupima kahawa, akashika besi. Reverien, mkulima ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, akakaa kwenye ngoma. Kwa kuwa walikuwa watatu, na kwa kuwa kamusi ya darasa la usiku ilisema neno roki maana yake ni jiwe kubwa, wakajiita Mafiga Matatu.

Tatizo lilikuwa mngurumo. Gitaa la mpwa wa Ujiji lilikuwa na adabu mno. Leonidasi alifungua amplifaya mpaka mwisho, gitaa likalia kwa nguvu zaidi, lakini kwa adabu ile ile. Akabadilisha waya, akabadilisha betri, akaweka sarafu juu ya karatasi ya spika, ikatetemeka, ikaanguka. Basi Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, alifungua kasha, akachukua wembe, akaipasua karatasi ya spika inchi mbili na nusu. Akapiga uzi mmoja.

Spika ikanguruma.

Leonidasi alicheka peke yake. Baadaye akakumbuka kwamba spika ile si yake, akaacha kucheka. Akarudisha kitambaa cha mbele ya kasha, akagongomea misumari yake, akasema moyoni kwamba atamweleza mzee kesho.

Kesho yake Mzee Khatibu alisikia sauti hiyo, akatoka dukani na kipimo cha sukari mkononi.

"Fundi! Spika ina mafua?"

"Hapana, mzee. Ndivyo roki inavyolia."

Lilikuwa neno la kweli, lakini nusu. Nusu ya pili ilimkaa Leonidasi kooni kama mwiba wa dagaa. Na ikazidi kukaa vibaya pale Mzee Khatibu alipoanza kujisifu kwa wateja. "Unasikia huko nyuma? Hiyo ndiyo sauti ya Ulaya. Spika za kawaida hazina uwezo huo. Hii niliagiza." Hakuwa ameagiza chochote. Lakini mtu akishaanza kumsifu mtoto wake barazani, nani atamwambia mtoto ana kengeza?

Mwezi wa Mei mwaka 1975 ikaja habari iliyobadilisha mambo. Isihaka, kiongozi wa bendi ya dansi ya Heru Jazz huko Kasulu, alituma ujumbe kwamba anataka kununua vyombo vyote, na bei aliyotaja ilikuwa nzuri. Mzee Khatibu alimwita Leonidasi barazani, mbele ya mkewe, Bi Kuruthumu.

"Fundi, mimi ni mfanyabiashara. Mtu akitaka kununua kitu kilichokaa bure, dini hainikatazi kumwuzia."

"Hakikukaa bure, mzee. Tunapiga."

"Mnampigia nani? Mbuzi wa jirani wamehama."

"Mbuzi wawili tu," alisema Bi Kuruthumu, akiwa anachambua mchele. "Wa tatu anapenda."

Mzee Khatibu alikohoa, akakata shauri. "Siku ya Saba Saba kuna sherehe kubwa Kasulu. Ngoma, kwaya, maonyesho ya mazao. Nendeni mkapige mbele ya watu. Watu wakicheza, vyombo vinabaki kwenu, na Isihaka atanisikia. Wasipocheza, namwuzia siku hiyo hiyo. Neno langu ni hilo, na shahidi huyu hapa."

Bi Kuruthumu aliinua kichwa. "Mimi ni shahidi wa mchele tu." Lakini alikuwa amesikia, na Leonidasi alijua amesikia.

Kuanzia siku hiyo Mafiga Matatu walifanya mazoezi kila jioni. Leonidasi hakuacha jambo lolote la kwenye picha. Aliwaambia wenzake kwamba roki haina hotuba. Hakuna mabibi na mabwana, hakuna salamu kutoka Kibondo, hakuna kutaja majina. Unapanda jukwaani, unawageuzia mgongo, unapiga.

Kipriani alikuna kidevu. "Bila kuamkia?"

"Bila kuamkia."

"Kasulu? Mbele ya wazee?"

"Kipriani, umewahi kuona kwenye picha mtu anaamkia?"

"Picha haisemi," alijibu Reverien kutoka nyuma ya ngoma. "Pengine walishaamkia kabla ya kupigwa picha." Lakini Reverien alikuwa mtu wa kusema mara moja tu, na Leonidasi alikuwa ameshaanza kufunga nyuzi.

Wakaenda Kasulu kwa lori la ushirika, siku moja kabla. Mzee Khatibu alikaa mbele na dereva. Vijana walikaa nyuma juu ya magunia, wamelikumbatia kasha la spika lililofungwa blanketi la Bi Kuruthumu. Vumbi jekundu liliwapaka wote rangi moja. Walipopita Nyakitonto, watu waliokuwa barabarani walipunga mikono, wakidhani ni kwaya.

Asubuhi ya Saba Saba uwanja wa Kasulu ulijaa. Bendera zilipepea, mikungu ya ndizi na magunia ya maharage yalipangwa kwa wilaya na kwa kijiji, na watu wa Buhigwe walikuwa wamebeba kiazi kimoja kikubwa kwenye machela kama mgonjwa. Kulikuwa na ngoma tatu za asili, kwaya mbili, na Heru Jazz wenyewe, waliovaa mashati ya aina moja na kungoja zamu yao ya alasiri.

Leonidasi alikwenda kuangalia ratiba iliyobandikwa kwenye mti. Mafiga Matatu walikuwepo, saa nne asubuhi. Karani aliyeandika ratiba, sijui nani, aliona jina hilo akafikiri alivyofikiri, akawaweka chini ya kichwa cha habari kisemacho: Mapishi Bora.

"Haidhuru," alisema Leonidasi. "Muhimu ni saa."

Lakini ilidhuru. Saa nne ilipofika, mbele kabisa ya jukwaa walikuwa wamekaa akina mama, mia moja au zaidi, vikapu mapajani, baadhi yao wameshika daftari na penseli. Nyuma yao walisimama wanaume waliokuja kuonja. Msemaji akashika kipaza sauti cha bati: "Na sasa, kutoka Kibondo, Mafiga Matatu! Watatuonyesha jinsi ya, ya... haya, karibuni."

Mafiga Matatu wakapanda. Hawakutazama mtu. Wakageuza migongo. Leonidasi akainua mkono, akaushusha.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya trekta lililofundishwa kuimba. Vikapu vilitikisika. Kuku mmoja wa maonyesho alikata kamba yake na kuondoka na kadi ya zawadi ya pili shingoni. Reverien alipiga kama mtu anayejenga nyumba kabla mvua haijafika, Kipriani akamfuata kwa besi, na Leonidasi, macho amefumba, alikuwa katika uwanja ule wa matope, mbele ya maelfu. Dakika nne nzima alikuwa huko.

Wimbo ukaisha. Akageuka.

Hakuna aliyecheza. Hakuna aliyepiga makofi. Wala hakuna aliyezomea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Watu wote wale walikuwa wanamtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyeingia sebuleni kwako na viatu vya shamba. Pembeni, chini ya turubai, Mzee Khatibu alikuwa ameinua kidevu kama mtu anayesubiri daktari. Isihaka wa Heru Jazz alisimama karibu naye, amekunja mikono, anatabasamu.

Leonidasi alihesabu upesi moyoni. Wamebakiwa na dakika kumi na sita kati ya ishirini walizopewa. Akataka kuanza wimbo wa pili, wenye kasi zaidi. Hapo ndipo bibi mmoja wa mstari wa mbele, jina lake Maximilla kama ilivyojulikana baadaye, alisimama taratibu, akapangusa nguo.

"Ewe mwana! Wewe ni wa nani?"

"Mimi? Mimi ni... ni Leonidasi, bibi. Wa Kibondo."

"Kibondo kuna watu?"

"Wako wengi, bibi."

"Na wanapoingia kwa mtu, wanaanza kwa kupiga kelele?"

Watu wakaanza kucheka chini chini. Leonidasi alijitetea kama alivyojifunza. "Bibi, muziki huu unaitwa roki. Roki haina salamu."

"Basi haina kwao," alisema Bibi Maximilla. "Asiyesalimu ni mwizi au ni moto wa kichaka. Wewe ni kipi, tujue kama tukimbie au tukuchape?"

Sasa kicheko kilikuwa cha uwanja mzima. Leonidasi alisikia nyuma yake Kipriani akinong'ona, "Nilikwambia," na Reverien, aliyesema mara moja tu kule Kibondo, hakuhitaji kusema tena.

Mtu anaweza kuwa shabiki wa Ulaya miaka miwili, lakini magoti yake yamelelewa na mama yake. Leonidasi aliweka gitaa chini. Akapiga magoti nusu, akakunja viganja kama anayeteka maji, akavigonganisha polepole, kama afanyavyo Muha mbele ya wakubwa zake.

"Mwakeye!"

Mikono mia tano ikamjibu kwa mpigo mmoja. Mwakeye!

Na hapo palifunguka jambo ambalo Leonidasi, katika mahesabu yake yote ya dakika, hakuliweka. Salamu ya Waha haimezwi kama kidonge. Bibi Maximilla alitaka kujua habari za Kibondo. Habari za nyumbani. Habari za mama yake Leonidasi, ambaye hakuwahi kumwona. Watoto, hana? Kwa nini hana? Habari za ng'ombe, za mvua, za maharage, za watu wa Kasanda waliohamia vijiji vipya, nyumba zimekamilika? Kila jibu lilipokelewa kwa makofi yale ya viganja vilivyokunjwa, puh, puh, puh, uwanja mzima. Bibi akamaliza, akapokea mzee wa upande wa wanaume, akaanza upya kwa ng'ombe. Kisha wakamsalimu Kipriani. Kisha wakamsalimu Reverien, na walipojua wazee wake walitoka ng'ambo, salamu yake ikawa ndefu kuliko zote, kwa sababu kulikuwa na ng'ambo nzima ya kuulizia.

Msemaji aliinua vidole vitano. Dakika tano.

Leonidasi akashika gitaa. Safari hii hakugeuza mgongo. Wakapiga ule wimbo wa kasi, mzito kuliko wote, spika ikanguruma mpaka vumbi likaruka juu ya kasha. Leonidasi alitazama watu. Chezeni, aliwaomba kwa macho. Tikiseni hata bega.

Hawakutikisa. Akina mama walifumbata mikono mapajani. Wanaume walivua kofia. Walitulia kimya, vichwa vimeinama kidogo upande, wakitikisa vichwa polepole pale gitaa liliponguruma sana, kama mtu anayesikia habari nzito ya ukoo. Maana mgeni akishasalimu vizuri namna ile, anapozungumza hakatizwi. Nani atacheza katikati ya maneno ya mgeni?

Uzi wa mwisho ulipotulia, Bibi Maximilla alisema, "Tumesikia."

"Tumesikia!" uwanja ukaitikia, na makofi yakafuata, marefu, ya heshima.

Leonidasi alishuka jukwaani hajui kama ameshinda au ameshindwa. Mzee Khatibu alimpokea kwa uso laini.

"Mwanangu, wamekupenda. Macho yangu yameona. Tangu nije bara sijaona Waha wanamnyamazia mtu dakika tano."

"Ahsante, mzee."

"Lakini walicheza?"

Leonidasi akatazama viatu vyake. "Walisikiliza."

"Sikuuliza hilo."

"Hawakucheza, mzee."

"Basi," alisema Mzee Khatibu, na huzuni yake haikuwa ya kuigiza. "Neno ni neno. Isihaka! Njoo tuzungumze."

Isihaka alikuja, lakini hakwenda kwenye gitaa wala kwenye ngoma. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha la spika, akainama, akaweka sikio juu ya kitambaa, akaomba uzi mmoja upigwe. Kipriani akapiga. Isihaka akasimama.

"Mzee wangu, hii spika imepasuka."

"Imepasuka?" Mzee Khatibu alirudi nyuma hatua moja. "Imepasuka, wewe? Hiyo ndiyo roki! Hiyo ndiyo sauti ya Ulaya! Miezi mingapi nawaambia watu?"

"Kumbe Ulaya yao inakohoa?"

"Haikohoi, inanguruma! Wewe umezoea spika za kubembeleza. Spika hii ina uwezo. Fundi, mwambie!"

Leonidasi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga: ni mimi, mzee, kwa wembe, Jumapili. Lakini Mzee Khatibu alikuwa ameshaanza tena, anaisifu spika mbele ya watu kumi waliokwisha kusanyika, anaisifu kama bibi harusi, na kumkatiza pale ingekuwa kumvua kanzu hadharani. Leonidasi akafunga mdomo.

Isihaka aliinua mkono. "Mzee, tusigombane. Mimi nina bendi ya dansi. Spika ikikohoa katikati ya bolero, watu watarudisha tiketi. Huyu fundi wako namjua. Mwaka juzi nilimpelekea redio, akaitengeneza, akanirudishia na skrubu moja iliyobaki, akaniambia, hii sijui ilikuwa ya wapi. Mtu wa namna hiyo namwamini. Aniandikie barua kwa mkono wake kwamba spika ni nzima, nami nitakuja Kibondo kuchukua vyombo. Akiandika kwamba ni mbovu, biashara hakuna."

"Ataandika," alisema Mzee Khatibu. "Ataandika na wino utang'aa."

Njia nzima ya kurudi Leonidasi alikuwa anaiandika barua hiyo moyoni na kuifuta.

Siku tatu alikaa na karatasi tupu kibandani. Akiandika kwamba spika ni nzima, atakuwa amedanganya, na vyombo vitaondoka. Uongo gani huo, unaomtia mtu hasara mwenyewe? Akiishona kwa karatasi na gundi, kazi ya nusu saa, ataweza kuandika nzima bila kudanganya, lakini roki itakuwa imekufa mkononi mwake, na vyombo vitaondoka vile vile. Na akiandika ukweli, vyombo vitabaki. Ila vitabaki kwa mwenye mali ambaye ameharibiwa mali yake na mtu aliyemwamini, akaachwa miezi mingi anaisifu mbele ya wateja. Je, mtu huyo atakuachia tena hata bisibisi?

Kipriani alisema aandike "spika ina tabia yake". Leonidasi alimwambia aende akapime kahawa.

Siku ya nne aliandika. Aliandika jinsi walivyofundishwa katika darasa la usiku, anwani juu, tarehe chini yake, kisha Ndugu Isihaka. Mistari mitatu tu. Alipomaliza aliichukua akaenda dukani, kwa sababu aliona si haki Kasulu ijue kabla ya Kibondo.

Mzee Khatibu alikuwa anapima chumvi. Bi Kuruthumu alikaa mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeandika?"

"Nimeandika ukweli, mzee."

"Ukweli upi? Maana kuna ukweli wa fundi na kuna ukweli wa mpiga gitaa."

"Wa fundi." Na Leonidasi akasoma, akisimama wima kama shuleni. Kwamba karatasi ya spika imepasuka inchi mbili na nusu. Kwamba aliyeipasua ni yeye mwenyewe, kwa wembe. Kwamba mwenye mali hakujua.

Mzee Khatibu aliweka chini kipimo cha chumvi.

"Kwa wembe," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Spika yangu."

"Ndiyo. Nisamehe, mzee. Nilitaka kukwambia kesho yake. Kesho ikawa nyingi."

"Na mimi nimemwambia Hakimu kwamba niliagiza. Nimemwambia Padri! Padri akaniambia ni sauti ya ajabu, nikamwambia, ndiyo, Padri, haipatikani hivi hivi."

Hapo Bi Kuruthumu alishindwa. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Kwani umedanganya? Inapatikana hivi hivi? Inataka wembe!"

Mzee Khatibu alimtazama mkewe kwa ukali, kisha ukali ukamponyoka pembeni mwa mdomo. Akageuka kwa Leonidasi.

"Barua hii ikifika Kasulu ilivyo, watasema Khatibu alipasuliwa spika kama mtoto, akawa anapiga makofi. Hilo siliwezi. Ongeza mstari. Andika: kwa idhini ya mwenye mali."

"Lakini, mzee, hukutoa idhini."

"Natoa sasa."

"Itakuwa uongo."

"Uongo uko wapi? Andika: idhini imetolewa leo. Weka tarehe. Mali si yangu? Siwezi kukubali leo kitu kilichofanywa juzi? Watu wanakubali watoto waliokwisha kuzaliwa, sembuse spika!"

Leonidasi alifikiri. Aliutafuta uongo katika mstari huo, hakuupata. Akainamia kaunta, akauandika.

"Na neno lako kwa Isihaka, mzee? Uliahidi kumwuzia."

"Niliahidi kumwuzia, na namwuzia hata leo akitaka. Sikuahidi kumshonea. Andika na hilo." Mzee Khatibu alivaa miwani, akaisoma barua tangu mwanzo, kidole kikifuata mistari. "Nzuri. Ila hapa umeandika 'wembe' bila kusema wa aina gani. Atadhani wembe butu. Haya, acha. Na wewe, kuanzia leo, kitu changu chochote ukitaka kukipasua, unagonga mlango kwanza."

"Nitagonga, mzee."

"Kuruthumu, wamebaki mbuzi wangapi?"

"Yule mmoja."

"Basi msipige Ijumaa adhana ikikaribia. Siku nyingine, shauri ya mbuzi."

Nje, basi la Kasulu lilikuwa limewasha injini, na utingo anaita majina ya vijiji. Leonidasi aliikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha ya khaki aliyopewa na Bi Kuruthumu, akalamba gundi, na kwa kuwa gundi ilikuwa ya zamani, akaikandamiza kwa kiganja juu ya kaunta na kuhesabu mpaka thelathini. Akaandika jina la Isihaka kwa herufi kubwa. Kisha akakimbia, akampa dereva kupitia dirishani, na dereva akaichomeka chini ya kofia yake, akatia gia.